Zawadi za Noeli kwa Ukoo: Zikome Lini?

Kila mwaka, ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar es Salaam, hujaa watu waendao Kilimanjaro kula Noeli nyumbani kwao. Wenye mamlaka ya usafiri hutoa vibali vya mabasi ya ziada na kuwaonya wenye magari wasipandishe nauli, na nauli hupanda. Desemba ya mwaka 2019 hata treni ya abiria ilirudi Moshi, baada ya kutoonekana huko kwa zaidi ya miaka 20. Tena atazamaye mizigo ya wasafiri hao ataona ya kuwa si mizigo ya mtu aendaye kukaa siku nne. Yamo mablanketi, zimo doti za khanga na vitenge, mifuko ya sukari, miche ya sabuni, madumu ya mafuta, na viatu vya watoto ambao ukubwa wa miguu yao ulikisiwa kwa simu.

Desturi hii ni njema, wala hatuandiki ili kuibeza. Walakini lipo swali ambalo watu huulizana pembeni, mume na mkewe usiku, au ndugu wawili njiani, lakini hawathubutu kulisema mbele ya wazee: je, mtu aweza kuacha kuwapelekea zawadi za Noeli baba wadogo, mashangazi, wajomba, binamu na watoto wa binamu? Na kama aweza, ni wakati gani, na kwa njia gani, asivunje undugu?

Wako watakaoona jambo hili kuwa dogo mno, lisilostahili ukurasa wa gazeti. Sisi twaliona kubwa, na sababu yetu ni mtu yule asiyeonekana pale kituoni.

Mtu huyo yuko Mbagala, au Mwanza, au Nairobi. Ana kazi ndogo, au ameipoteza. Noeli iliyopita hakwenda nyumbani, wala ile iliyoitangulia. Mama yake alipomwuliza kwa simu alijibu ya kuwa kazini hawakumpa ruhusa. Kumbe ruhusa alikuwa nayo, na nauli angeipata. Alichokosa ni mzigo. Alihesabu watu wa kihamba chao na wa vihamba vya jirani, ambao wote ni wa ukoo mmoja, akaona haiwezekani aupande mlima mikono mitupu mbele ya macho ya watu waliomwona akiondoka na vyeti vyake. Basi akakaa chumbani mwake, akala wali wa sikukuu peke yake, na mama yake akamwekea nyama hata ikaharibika. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Naye aliliamini neno hilo kuliko alivyomwamini mama yake.

Zawadi iliwekwa ili iwakutanishe watu. Ikiwa sasa imegeuka kuwa kodi ya mlangoni, ambayo asiyeweza kuilipa haingii kwao, basi imefanya kinyume kabisa cha kazi yake. Huo ndio uzito wa swali letu.

Yafaa tukumbuke zawadi hizi zilikotoka. Mzee aliyeshuka mlimani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, au katika reli, au bandarini, alirudi baada ya miezi mingi na vitu ambavyo kwao havikupatikana kwa urahisi: nguo, chumvi, blanketi zito la kumkinga mama yake na baridi ya Julai. Blanketi lile lilikuwa neno. Lilisema: huko nilikokuwa sikukusahau. Kisha zikaja nyakati za dhiki, tangu vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979 hata katikati ya miaka ya 1980, ambapo sabuni, sukari na khanga viliadimika nchi nzima, na watu wakapanga foleni tangu alfajiri mbele ya maduka yasiyo na kitu. Wakati ule ndugu aliyefika na mche wa sabuni alikuwa ameisitiri nyumba nzima. Hakuna aliyeuliza kama zawadi zikome.

Leo sivyo. Duka la Mwika au la Himo lina sabuni ile ile na khanga zile zile zilizoko Kariakoo. Haikosi kuchekesha kidogo kumwona mtu akiibeba sukari kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na kuipeleka katika mkoa ambao wenyewe hulima miwa na kutengeneza sukari katika kiwanda cha TPC, Arusha Chini. Angeweza kuinunua Moshi mjini asubuhi ile ile anayoshuka garini. Lakini atoaye hutaka mzigo uonekane ukishuka juu ya basi, na apokeaye naye hutaka jirani auone ukishuka. Jambo hili la kuonekana si upuuzi mtupu, nasi tutalirudia.

Kwanza tutazame mfuko. Tuseme yuko karani apataye shilingi 700,000 kwa mwezi, mwenye mke na watoto watatu. Ameandika majina ya jamaa 22, na kwa kila jina ameweka shilingi 15,000, kiasi cha doti ya khanga ya bei ya chini au kilo chache za sukari. Hakuna atakayesema amejivuna. Hata hivyo jumla yake ni shilingi 330,000, karibu nusu ya mshahara, na nauli ya watu watano kwenda na kurudi bado haijatajwa. Akakopa. Je, mkopo huo hulipwa na nani? Yeye atasema, nalipa mimi. La. Hulipwa na mtoto wake aingiaye kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Ni kweli kwamba ada katika shule za sekondari za serikali, hata kidato cha nne, iliondolewa mwaka 2016. Lakini sare, madaftari, viatu na godoro havikuondolewa. Mtoto yule hufika shuleni wiki mbili baada ya wenzake, akiwa na viatu vya mwaka jana. Hulipwa na mkewe pia, ambaye hupika kwa kukopa dukani mpaka Februari na kusikiliza maneno ya mwenye duka. Hawa wawili hawakuulizwa. Zawadi ya shangazi imetoka mikononi mwao, lakini jina lililotajwa wakati wa kuitoa ni la baba peke yake.

Zawadi ya namna hiyo ikome, na ikome mwaka huu. Hapa hatuoni nafasi ya kusitasita. Kabla ya ukarimu kuna haki. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine, hata kama mwingine huyo ni mtoto wake mwenyewe asiyejua kudai. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, aliligusa jambo hili katika sehemu ile ya Summa ihusuyo mapendo. Alifundisha ya kuwa mapendo yana utaratibu wake, na ya kuwa mtu asitoe sadaka katika kile ambacho yeye na watu anaowatunza hawawezi kuishi bila nacho, kwa maana akifanya hivyo huwapunguzia uhai walio wake. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa sadaka iendayo kwa mwenye njaa, je, si zaidi kwa khanga iendayo kwa binamu mwenye khanga kumi kabatini?

Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu yuko mtu atakayeyasoma maneno haya kwa furaha isiyomfaa. Huyo alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, naye sasa atasema: nina mke na watoto, gazeti limenifungua. Mtu huyu alikuwapo hata zamani za Injili. Mtakatifu Marko ameandika jinsi Bwana Wetu alivyowakemea watu waliowaambia wazazi wao ya kuwa mali ambayo wangesaidiwa kwayo imekwisha kuwa korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasitoe kitu. Kama dini haikukubaliwa kuwa kisingizio cha kumwacha mama, sembuse karo na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo baba na mama hawamo katika hesabu yetu, wala hamo yule aliyesimama mahali pao: shangazi aliyekulea baada ya mazishi, kaka mkubwa aliyeuza ndama ili ukafanye mtihani. Kwao sisi ni wadeni, na deni halikomi kwa kuwa mwenye kudai amezeeka. Mtakatifu Tomaso huyo huyo alitofautisha vizuri: kile ambacho mzazi hutudai sikuzote, kwa sababu tu ni mzazi, ni heshima na utumishi, vitu hutudai anapovihitaji, na kutembelewa na kuuguzwa hutudai anapougua. Mama mwenye ng'ombe wake wawili na migomba yake hatudai blanketi la sita. Atudai uso wetu. Lakini mama ambaye paa lake lavuja atudai bati, na hutudai mwezi wa Machi kama mwezi wa Desemba. Tumeona nyumba zilizojaa vikombe na saa za ukutani zilizoletwa Noeli hata Noeli, na mvua ikidondoka juu ya vikombe hivyo.

Sasa tuje kwa hao wengine, ambao ndio hasa walioleta swali. Hapa twaona jambo lifanywalo na watu wengi, hata wacha Mungu. Mtu akilemewa na orodha yake, huipunguza. Na tazama amwondoaye kwanza. Humwondoa shangazi mjane akaaye kule juu karibu na msitu, kwa kuwa njia ni mbovu wakati wa mvua, naye hana cha kurudisha wala hana simu ya kulalamikia. Ambakizaye ni baba mdogo mwenye gari na nyumba ya vigae, kwa sababu baba mdogo huyo aliwapa watoto zawadi mwaka jana, na haya yatatushika tusipomrudishia. Hivyo nyumba mbili zenye nafasi hupeana kila mwaka vitu vya thamani moja, kama wachuuzi wawili wasiotafuta faida, na mjane huachwa ili biashara hiyo iendelee.

Siku moja Bwana Wetu alikuwa mgeni mezani kwa Farisayo. Mtakatifu Luka atueleza ya kuwa alimwambia mwenyeji wake, unapofanya karamu usiwaite rafiki, wala jamaa, wala majirani wenye mali ambao watakuita nao, bali waite wasio na cha kukulipa. Watu wengi huyapita maneno hayo upesi, kwa kuwa jamaa wametajwa humo waziwazi. Hatudhani ya kuwa Bwana alikataza mtu kula na ndugu zake. Alionyesha mahali ambapo kipawa hukoma kuwa kipawa, yaani pale kinapotolewa kikiangalia nyuma yake kuona kinachorudi. Mamajusi walimtolea vipawa mtoto asiye wa ukoo wao, wakarudi kwao kwa njia nyingine wasiwe na kitu walichorudishiwa. Na Mtakatifu Nikolao, ambaye desturi nyingi za zawadi za majira haya zimefungamana na jina lake, husimuliwa kuwa alitupa dhahabu usiku nyumbani mwa mtu aliyefilisika, ili binti zake watatu wapate kuolewa, akijificha asijulikane. Hakumpelekea binamu yake saa ya ukutani.

Basi yatupasa kupunguza kwa kuanzia upande mwingine. Zawadi zikome kwanza pale zinaporudishwa. Binamu wawili wa umri mmoja, wenye kazi wote wawili, waweza kuachana na kupelekeana mashati kesho asubuhi wala pasiwe na aliyepungukiwa. Zikome kwa mpwa siku apatapo mshahara wake wa kwanza. Siku hiyo zawadi ya mtoto imefika mwisho wa safari yake, na ingefaa mjomba amwambie hivyo kwa furaha, kama mtu amvushaye mwenziwe mto. Zikome kwa ndugu aliyeelemewa mwenyewe, ambaye kila apokeapo chetu hulala akihesabu atakavyorudisha, maana mtu wa namna hiyo tumempa usiku wa mashaka. Bali kwa mjane wa kule msituni, mtoto yatima wa ukoo, mzee asiyezaa, zawadi ikome mwisho, au isikome kabisa.

Hapo atainuka mtu wa busara na kusema: mwanipotosha, mwazungumzia vitu kana kwamba ni vitu. Shangazi wa Kirua hakupelekewa khanga kwa sababu hana nguo. Alipelekewa ili asubuhi ya Noeli aende Misani amejifunga khanga ambayo mikunjo ya dukani haijatoka bado, na wanawake wenzake waulize, hii imetoka wapi, naye ajibu, kwa mtoto wa kaka yangu. Mkiondoa khanga mmemwondolea jibu hilo.

Mtu huyu asema kweli, na ndiyo maana tulisema jambo la kuonekana si upuuzi. Mwaka 1993 mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alitoa uchunguzi wake juu ya zawadi za Noeli. Aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale wangelipa kiasi gani kwa vitu walivyopewa, bila kuhesabu thamani ya moyoni. Akaona ya kuwa baina ya sehemu moja katika 10 na sehemu moja katika tatu ya thamani yote hupotea njiani, kwa kuwa atoaye hajui vema apendalo apokeaye. Upotevu huo ulizidi katika zawadi zitokazo kwa jamaa walio mbali kidogo na mtu, kama mababu, mashangazi na wajomba. Hesabu hiyo twaiheshimu, ila kwa shangazi wa Kirua ile thamani ya moyoni iliyowekwa kando ndiyo karibu thamani yote.

Hata hivyo mtaalamu yule ametuachia jambo la kufikiri. Zawadi hupotea kadiri mtoaji asivyomjua mpokeaji. Basi tuulizane: huyu tumpelekeaye kitenge cha nne, twamjua? Twajua ya kuwa ana mtoto wa jicho, na kwamba tangu Pasaka hatofautishi rangi za vitenge? Wapwa wanne, kila mmoja ameleta chake; wakijumlisha fedha zao wangempeleka kutibiwa macho Moshi mjini na kumrudisha kwake. Lakini ili wajumlishe lazima kwanza mmoja wao aketi naye muda wa kutosha kuona ya kuwa akimimina chai huimwaga pembeni mwa kikombe. Wengi hawaketi. Huacha mzigo mlangoni, hupiga picha pamoja na bibi, kisha hushuka upesi kwenda kukutana na rika zao palipo na nyama choma. Kwa mtu wa namna hii dalili ya kwamba zawadi imefika mwisho ni wazi: anaijua bei ya alichokileta, hayajui maumivu ya aliyeletewa. Na jibu la shangazi mbele ya wenzake lingekuwa zuri zaidi kama lingekuwa hili: mtoto wa kaka yangu alikaa kwangu siku mbili, akanikatia kuni, tukaenda pamoja Misani.

Wala tusidhani ya kuwa wazee wetu hawakujua kipawa kisicho na bei. Mchagga aliyetaka kupatana na ndugu au jirani yake alimpelekea jani la isale, lile liotalo mipakani mwa vihamba. Jani hilo halinunuliwi popote. Kila mtu analo uani kwake. Lakini mzee akilipokea, neno zito limepita kati ya watu wawili, na kulikataa lilikuwa jambo la kuogofya. Wenye desturi kama hiyo hawawezi kusema ya kuwa mila yenyewe ndiyo inayodai sukari.

Kinachowazuia watu wasiache, hata pale wote wanapotaka kuacha, ni hofu ya kuwa wa kwanza. Mwaka 1912 huko New York, Anne Morgan na Eleanor Belmont waliwakusanya wasichana wafanyao kazi madukani, ambao kila Noeli walichangishwa fedha kununulia wakubwa wao zawadi, wakaanzisha chama cha kuzuia utoaji wa zawadi zisizo na faida. Watu maelfu walijiunga, hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani mpaka mwaka 1909. Msichana mmoja peke yake asingethubutu kukataa kuchanga, maana angeonekana bahili, labda angepoteza kazi. Walipokataa pamoja, hakuna aliyeonekana bahili.

Ndivyo ilivyo katika ukoo. Maskini akisema, mwaka huu sitaleta kitu, huhesabiwa ameshindwa na maisha, na habari zake huzunguka kijiji kabla jua halijatua. Lakini yule mwenye nafasi, ambaye kila mtu ajua kwamba angeweza kuleta lori zima, akisema mbele ya wote, mwaka huu naja na familia yangu na mbuzi mmoja wa kuliwa pamoja, wala mtu asilete mzigo, amewafungulia mlango wote waliokuwa wameogopa. Yeye hapungukiwi heshima, na yule wa Mbagala apata nafasi ya kuja. Kwa hiyo twawaambia wenye nafasi katika koo zetu ya kuwa jambo hili ni lao kwanza. Twajua ni gumu kwao kuliko kutoa fedha, kwa sababu ule mzigo unaoshuka juu ya gari lao huwapendeza.

Wakati wa kulisema si Desemba. Atakayesema tarehe 20 Desemba ataonekana anatafuta hila. Na aseme Juni au Julai, watu wanapokutana kwa arusi au kwa kumaliza msiba, au katika kikao cha ukoo; aseme kwa kinywa, amweleze kwanza mkubwa wa ukoo peke yake. "Baba mkubwa, shikamoo. Nimekuja na neno ambalo sitaki ulisikie kwa mwingine." Mzee aliyejiwa hivi mara nyingi hukubali upesi kuliko tulivyotazamia, kwa maana naye amekuwa akitazama vijana wakikopa, akaona haya kusema. Kuacha kimya kimya, mwaka huu kupunguza, mwaka ujao kutopokea simu, ni kubaya kuliko kote. Mpokeaji hubaki akitafuta kosa alilolifanya, na asipoliona hulibuni.

Neno kuhusu simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha hupanda mlima kwa dakika moja, na maombi ya "ya Krismasi" hushuka kwa dakika hiyo hiyo. Kwa mgonjwa na kwa mzazi ni neema kubwa. Ila hatulazimiki kumjibu kila aombaye kwa kuwa tu ombi lake limefika upesi, na binamu mwenye afya aliyekataliwa kwa upole bado ni binamu.

Wapokeao nao wana wajibu wao, nao hausemwi mara nyingi. Nyumba yaweza kuwafungua watoto wake, au kuwafunga. Mama akimpigia mwanawe simu mwezi wa Novemba na kusema, "Mwanangu, njoo hivyo hivyo ulivyo, hatutaki kitu, twataka tukuone," amefanya kazi ambayo padre hawezi kuifanya mimbarani. Lakini aseme kweli. Wako wasemao njoo hivyo hivyo, na mgeni akifika macho yao hutangulia kuutazama mfuko kabla ya kumtazama yeye. Watoto wa mjini huyaona macho hayo upesi sana. Na baba apokeaye mgeni kwa "karibu, umetuletea nini" asishangae kama mwaka ujao kiti ni kitupu.

Na aliyeachiliwa mzigo asije akadhani ameachiliwa safari. Asiyeleta khanga na alete siku zake: aketi na wazee penye mbege, atembelee makaburi ya kihamba, awajue watoto wa ukoo kwa majina yao na si kwa ukubwa wa viatu. Mjane wa kule msituni amfikie kwa miguu kama gari halipiti. Asipofanya haya, basi heri angeendelea kuleta sukari.

Yamkini wasomaji wengine wamekwisha kununua mablanketi ya mwaka huu, nayo yamefungwa tayari chumbani. Wayapeleke. Mazungumzo yaweza kungoja mwezi wa Juni, wala si haki mzee alale na baridi kwa sababu ya maneno ya gazeti.